Nilivyoonja kwa Niaba ya Bi Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sinia la dengu nichambue mawe, lakini pua yangu haikutulia. Mgahawa ulikuwa pembezoni mwa Tabora, katika nyumba yenye baraza pana, nami nilikuwa nimeshuka treni kutoka Bukene, sijui kiungo zaidi ya chumvi na kitunguu. Jikoni kulinuka kitu kama kitunguu saumu kilichooza. Nikauliza.

"Huo ni mvuje," alinijibu mwenye mgahawa, mama wa Kihindi tuliyemwita Bi Mkubwa. "Ukiwa mbichi unafukuza watu. Ukiingia kwenye mafuta ya moto, unawaita."

Ninyi mnaopika leo kwa masala ya pakiti, jueni sisi tulianzia chini. Niliosha vyombo, nikapandishwa kwenye chapati, kisha Mpishi Mkuu akanikabidhi tadka, yaani kukaanga bizari nyembamba, pilipili kavu na mvuje, halafu kuvimwaga vikiwa vya moto juu ya dengu iliyoiva. "Sikiliza bizari," alikuwa akiniambia. "Ikianza kulia, epua." Alipozeeka akarudi kwao Usinge, jiko likabaki la Bi Mkubwa na mimi.

Mwaka mmoja Bi Mkubwa aliugua mafua makali. Alipopona, sahani zikaanza kurudi jikoni zikiwa hazijaguswa. Jumapili moja mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliniita mezani. "Mama Neema, leo mnataka kutukausha kama samaki wa ng'onda?"

Nikaonja. Chumvi tupu! Nikarudi jikoni, nikafungua kopo la mvuje chini ya pua ya Bi Mkubwa. Aliendelea kukata nyanya kana kwamba nimempitishia maji. Alipoona ninavyomtazama, akafunga mlango.

"Sisikii harufu wala ladha," alisema. "Mwanangu akijua atafunga mgahawa, anipeleke Dar nikakae ghorofani nitazame ukuta. Mimi nimezaliwa hapa."

Toka siku hiyo nikawa ninamwonjea. Nilidhani ni kazi rahisi, kumbe neno "tamu" halikumtosha.

"Tamu kama nini?"

"Kama matobolwa." Ni vile viazi vitamu tunavyochemsha na kuanika.

"Na uchachu?"

"Wa ukwaju, ila haujang'ata meno."

Alifumba macho, akaongeza ukwaju kidogo, akauliza tena. Nikajikuta hata nyumbani ninatafuna ugali polepole, nikijiuliza unafanana na nini.

Mwanawe akaja. Alikula dengu na bilinganya barazani, mimi nimesimama mlangoni. "Mama, mkono wako haujachoka," akasema.

Nikashusha pumzi. Lakini Bi Mkubwa hakutaka tena kumficha mwanawe. "Mkono ni wangu," alisema. "Ulimi ni wa Mama Neema." Akamweleza yote.

Kijana akanifuata jikoni na bakuli la achari.

"Shikamoo, Mama Neema. Hii imepungukiwa nini?"

"Marahaba. Haijapungukiwa kitu. Ndimu bado ngumu, iache kwanza juani."

Akatafuna, akatafuna tena, akacheka. "Kweli, bado ngumu." Akageuka kwa mama yake. "Basi kaa. Lakini huyu asiondoke."

Sikuondoka mpaka magoti yalipokataa kusimama. Siku ya kuniaga, Bi Mkubwa alinikalisha kwenye meza ya wageni, akanipakulia mwenyewe. Sasa nimestaafu, na kuna mengi ya kazi ile sikuwahi kuyaelewa, lakini hili moja nililiuliza siku hiyohiyo.

"Mama, miaka yote hii ukila, ulikuwa unapata nini?"

Alimega chapati, akafikiri.

"Nilikuwa nakusikiliza," alisema. "Kwenu sijawahi kufika, lakini nimekula mashamba yenu yote."

Akanisogezea bakuli. "Haya, anza. Hii ikoje?"