Ubeti Alioutoa Mwalimu

Juzi nilikuwa harusini Utemini. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akatangaza wimbo wetu wa asili, "tangu enzi za mababu, haujabadilika hata neno." Ndugu yangu, nikaweka chini sahani ya pilau.

Wimbo ule ni wa kupura uwele. Kwetu Mungaa wanawake walisimama mistari miwili wakitazamana, fimbo zikishuka kwa zamu, na sisi watoto tulipepeta huku makapi yakituwasha shingoni na macho yetu yakiwa kwenye mtungi wa togwa. Kiitikio kilikuwa cha wote. Ubeti ulikuwa wa mtu mwenyewe, na kila mavuno ulipaswa kuleta mpya, wa mambo yaliyokupata mwaka ule. Ukirudia wa zamani wanakucheka: "Kwani mwaka huu hukuishi?" Jirani yetu alimwimba mumewe mlevi hadi mume akahama kilabu.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Bibi yangu alibomoa nyumba yake, akabeba miti kichwani. Kule nyuma alimwacha mwanawe wa mwisho, aliyekuwa amezikwa karibu na zizi. Mavuno yale aliimba: "Miti ya nyumba nimeibeba, kaburi la mwanangu nitalibebaje?" Wanawake wakamwitikia.

Mwalimu wa shule alikuwa akitafuta wimbo wa mashindano ya ngoma ya wilaya. Akauchukua wetu, akatia beti za kusifu kilimo na kijiji, wa bibi akautoa.

"Mama, wageni hawaji kusikiliza kilio," alimwambia.

"Basi imbeni wenyewe, mwalimu. Mwaka wangu ndio huo."

Tulishinda. Zawadi ilikuwa fahali, tukamla siku hiyohiyo. Tangu hapo, mwanamke akileta ubeti wake aliambiwa anaharibu wimbo wa kijiji. Bibi akapura uwele kimya hadi alipokufa. Simlaumu mwalimu kwa kuubadilisha, maana sote tuliubadilisha kila mwaka. Namlaumu kwa kutukataza sisi, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Sasa uwele wenyewe hatuupuri tena kwa fimbo, na beti za mwalimu ndizo zinaitwa za mababu.

Pale harusini sikuvumilia. Waimbaji walipofika mahali ulipotolewa ubeti wa bibi, nikauimba kwa sauti, kwa Kinyaturu chetu. Binti aliyekaa kando yangu akaniinamia kwa adabu.

"Samahani bibi," akasema, "umekosea maneno."