Kinyozi Kimya na Fizi za Mjukuu

Mtaa mzima ulimwita Kimya, na jina hilo halikumwonea. Kinyozi huyu aliweza kunyoa vichwa kumi toka asubuhi hadi adhuhuri kwa maneno matatu tu: "Karibu", "Inama" na "Tayari". Tangu afiwe na mkewe hata hayo aliyapunguza. Wapo waliomfuata kwa ajili hiyo hasa, maana kwa vinyozi wengine unanyolewa nywele na kuongezewa umbea ambao hukuuagiza.

Binti yake alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Siku aliyotakiwa kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi aliyoiongeza bila malipo, dada wa kumlea mtoto akapiga simu asubuhi: tumbo limemshika, hawezi kuinuka. Binti akaja mbio hadi kwa baba yake, mtoto mgongoni.

"Baba, niokoe, leo tu. Jino liko njiani, fizi zimemvimba, halali wala halazi."

"Mlete," akasema Kimya.

Mpaka saa tatu mambo yalikuwa shwari. Mtoto, msichana wa miezi saba mwenye mashavu ya kufinyika, alikaa ndani ya beseni pana lililotandikwa blanketi, akitafuna vidole vyake. Dereva mmoja wa lori alikuwa kwenye kiti, kichwa kimefika nusu, ndipo kilio kilipoanza. Chupa ya maziwa aliisukuma. Kimya akazima mashine, akambeba, akamzungusha mbele ya kioo, akamchezeshea funguo. Wapi! Mate yalichuruzika, uso umeiva kama pilipili. Jasho likamtoka babu wa watu. Akaishika simu ampigie binti, akakumbuka kwamba ndiyo siku yake ya kwanza, akairudisha mfukoni.

"Mzee, nawa mikono umsugue fizi kwa kidole, taratibu," akasema dereva, upande mmoja wa kichwa upara, upande wa pili msitu. "Wangu watatu nimewalea hivyo hivyo."

Kimya akanawa kwa sabuni, akatia kidole. Mtoto akakibana kwa nguvu zake zote.

"Lo! Mama wee, hicho kidole cha babu, si mua!"

Mtoto akanyamaza ghafla, akamkodolea macho. Kimya naye akanyamaza kwa mshangao, na kilio kikaanza upya.

"Usinyamaze!" dereva akapiga paja. "Sauti yako ndiyo dawa!"

"Niseme nini?"

"Chochote. Tangaza mpira, uwanja si huu hapa kichwani kwangu?"

Kimya akalowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi, akakikamua, akampa mtoto akitafune, akamrudisha kwenye beseni. Kisha akakohoa kidogo, kama mtu anayefungua mlango uliokaa siku nyingi bila mafuta.

"Mashine inaingia upande wa kulia… inalipita sikio… inakutana na kovu, lahaula, imekwama! Inajaribu tena…"

Mtoto akacheka, kitambaa kinywani. Dereva alicheka hadi ikabidi ashikwe kichwa.

Toka hapo ikawa hakuna kupumzika. Akisita tu, mtoto anaguna. Mpira ulipokwisha akasimulia alivyomkata nduguye sikio siku aliyojifunza kazi. Hilo nalo likaisha, akajikuta anasimulia alivyokutana na bibi wa mtoto huyo kwenye foleni ya maji, wakagombania nafasi hadi ndoo zikapasuka. Waliokuwa kwenye benchi wakimngoja walitulia tuli. Wengine walikwisha nyolewa lakini hawakuondoka.

Saa saba binti akatokea mlangoni, anahema. Njiani alikuwa ametega sikio kwa kilio, na alipokosa kusikia kitu akazidi kuogopa. Sasa alimwona baba yake amesimama katikati ya chumba, mtoto begani, sauti imekauka, bado anasimulia habari za ndoo. Binti hakuwa amemsikia akimtaja mama tangu mazishi.

"Baba," akanong'ona, "mbona amelala?"

"Najua. Naogopa kunyamaza."

Benchi zima likaangua kicheko. Mtoto akashtuka, akapiga miayo, na mama yake akachungulia. Kwenye ufizi wa chini palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Limetoka!" akasema, akaketi kwenye kiti cha kunyolea na kushusha pumzi ndefu. "Ahsante, baba. Mungu akuweke. Sasa nimalizie: hizo ndoo, nani alilipa?"