Funguo za Kabati la Maikrofoni

Kwa miaka minne nilijitolea katika kituo kidogo cha redio pale Kitale, nikitunza maikrofoni. Nilifuta mate ya watangazaji kwenye sponji, nikakaza skrubu za mikono ya chuma inayozishikilia mezani, na kumwambia kila mgeni jambo lile lile, hata wakaniita Mwalimu: usivute maikrofoni, shika mkono wake.

Aliyenielewa upesi ni mtangazaji wa kipindi cha wakulima, mama mmoja rafiki yangu wa kanisani. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi kwa mratibu wa kituo. Nikisafiri, nilimwachia funguo za kabati.

Jumatatu moja nilirudi kutoka safari, akanipa funguo, nikakuta mkono mmoja umelegea, nyuzi za skrubu zimelika, na maikrofoni imebonyea ubavuni. Mratibu akaitisha kikao. Nikasema funguo nilimwachia rafiki yangu.

"Si nilikurudishia Ijumaa kabla hujasafiri, Mwalimu? Umesahau?" akasema kwa upole, hata nikaanza kujishuku.

Nilinyang'anywa funguo mbele ya wenzangu wote.

Hata hivyo niliubeba mkono ule hadi Bungoma, kwa fundi wa kukereza vyuma. Akaugeuza mara moja tu.

"Hii si ililetwa hapa Jumamosi, bana? Madam mmoja alikuwa ameifunga kwa meza ya harusi huko Sirisia, ikaanguka. Alitaka nirekebishe hapo hapo, nikamwambia haiwezekani. Akasema ati mwenye kuitunza ndiye aliilegeza."

Nilimpigia rafiki yangu simu nikiwa bado mlangoni pa fundi.

"Harusi ya Sirisia ilikuwa ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Ningekuomba, ungenipa?"

"Hapana."

"Sasa unaona."

Alisema hivyo kana kwamba kosa lilikuwa langu.

Mratibu alinisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi. "Wasikilizaji wanampenda, Mwalimu. Tuyamalize hapa hapa." Akanirudishia funguo kwenye korido, tukiwa wawili tu. Kikao cha pili hakikuitishwa. Walionisikia nikilaumiwa hawakuambiwa kitu.

Nilifunga mkono uliokerezwa upya, nikauinua na kuushusha mara kadhaa. Ulishika. Nikaziacha funguo mezani, nikaenda nyumbani.

Juzi nilikuwa Kiminini, kwenye duka la mbegu, sauti yake ikatoka redioni, safi, bila mkwaruzo, ikiwauliza wakulima kuhusu viwavi. Mwenye duka akaongeza sauti.

"Huyu mama anajua kuongea na watu," akaniambia.

Nikamwomba anipimie maharagwe.