Udongo wa Chumba cha Nne

"Karanga za wazungu zimekufa, vibarua wamerudi kwao, sasa wewe dada unamkandikia nani chumba cha nne?" Ndivyo Mwanne, jirani yake, alivyomuuliza siku moja pale Nachingwea, na mama mwenye nyumba ya kupangisha hata hakugeuka. Alisema bismillahi, akachota tonge jingine la udongo, akalibamiza ukutani. Ndiyo ilikuwa desturi yake, kila tonge na bismillahi yake. Mikono ilikuwa myekundu hadi viwikoni, na kucha hazikutakata hata siku ya Idi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mpangaji aliyetema mate barazani aliisikia akiwa njiani, akarudi kufuta. "Zilizokufa ni karanga," mama yule alimjibu Mwanne. "Watu bado wanalala."

Basi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaja kutoka kwake Nambambo na shoka begani. Alitaka kung'oa nguzo na milango akajengee kwake, maana, alisema, mjane ana kazi gani na vyumba vinne? Mwanne akashika mdomo. Mama yule akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta mbichi, akatanua mikono. "Nyumba hii nimeikandika mimi. Anza na mimi." Shoka halikunyanyuka. Mama yule alipogeuka akauona mgongo wake umechoreka ukutani, akaguna kwa hasira zaidi kuliko alipoliona shoka. Akanyoosha mkono bila kumtazama mtu.

"Shemeji, weka hilo shoka chini, unipe huo udongo."