Leo nimevunja sheria yangu mwenyewe ya grupu

Leo nilistahili kutolewa kwenye grupu la darasa, na admini ni mimi.

Sheria niliitunga mwenyewe: Kiingereza tu, ukiandika Kiswahili unatolewa. Wiki jana nilimtoa Juma kwa kuuliza tarehe ya mtihani kwa Kiswahili.

(Ana kwa ana nisingethubutu. Mnajua aibu zangu.)

Mchana mbuzi sita wa bibi wakanipotea. Kiingereza chote kikayeyuka! Nikaandika: "Jamani, nani kaona mbuzi?"

"Admini, jitoe!" Wenzangu wakacheka.

Dada yake Juma, naye yumo kwenye grupu, hakucheka, akamwambia kaka yake. Juma akawakuta mbuzi kwenye alizeti za watu, njia ya Mungaa. Akawaleta wote, akasema, "Madam, your goats."

Nimemrudisha. Sheria sasa: "Tujitahidi Kiingereza. Ukiwa na shida, sema unavyoweza."

Asante, Juma. Ningekuwa wewe, sijui kama ningewatafuta.

Nyie je?