Namba Tasa na Mzaha Wangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Ndanai nikitafuta mbegu za viazi, nikakutana na mama mmoja niliyewahi kumfundisha katika darasa la watu wazima. Baada ya salamu aliniambia, "Mwalimu, Saba ametuacha. Tumeshazika, huko kwao Siongiroi." Aliugua wiki mbili tu. Nilirudi nyumbani bila mbegu. Wasomaji wangu mmezoea niandike juu ya barabara mbovu na bei ya majani chai. Leo nitaandika juu ya hesabu, maana marehemu na mimi tulijuana kwa hesabu, na jina hilo la Saba, ambalo hakupewa na wazazi wake, lilitokana na kosa langu.

Nilipostaafu ukarani wa shamba la chai, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, niliombwa kufundisha gumbaru, yaani hilo darasa la watu wazima, alasiri mbili kwa wiki, katika kibanda cha kupimia majani. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, tena cha zamani, lakini mbele ya ubao nilijiona profesa. Wanafunzi walikuwa kina mama kumi na wawili wa kikundi kimoja cha kuotesha miche ya chai. Wengine wote niliwaita kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Mama fulani. Marehemu hakujaliwa mtoto, kwa hiyo nilimwita kwa jina lake la usichana, na kila nilipoita rejista hilo peke yake lilimtenga. Ndiye aliyekuwa na bidii kuwashinda wote. Alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa darasa la nane akiwa na miaka arobaini na kitu, na somo lililomtisha lilikuwa hesabu.

Sisi tulisoma hesabu kwa Kiingereza. Nikaona heri waelewe kwanza kwa Kiswahili, maneno ya mtihani tuyakariri baadaye, nikatumia kitabu kilichotoka nchi jirani. Humo namba kama mbili, tatu, tano na saba, ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, zinaitwa namba tasa. Neno lenyewe halikuwa na ubaya. Ubaya niliutia mimi. Nilipoona darasa limeduwaa, nilisema tasa ni namba isiyo na wa kumgawia mali yake, kisha nikamtupia jicho na kusema mfano tunao hapa hapa. Walicheka sana. Mmoja akamwambia, "Basi wewe ni saba." Alitabasamu, akafunga daftari lake na kuondoka kabla ya kipindi kwisha. Hakuonekana kwa wiki tatu, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi minne. Sikwenda kumtafuta, wala sikutuma mtu.

Alirudi mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nikifundisha namna ya kujua namba ina vigawo vingapi bila kuviandika vyote. Kikundi kilikuwa na miche mia tatu na sitini ya kugawana, na hawakujua watafika wanachama wangapi, wala ni idadi zipi za watu zingeweza kugawana sawasawa. Nikaivunja namba hiyo ubaoni: mbili kipeo cha tatu, mara tatu kipeo cha pili, mara tano. Ongeza moja kwa kila kipeo, nikasema, upate nne, tatu na mbili. Zizidishe, jibu ni ishirini na nne. Yeye akauliza, "Mwalimu, hiyo moja unaongeza ni ya nini?" Nikajibu kwamba ndivyo kanuni ilivyo. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikuwa nimeikariri tangu shuleni. Akaja mbele, akachukua chaki.

"Mbili ziko tatu hapa," alisema. "Ukitengeneza kigawo, unaweza kuchukua mbili moja, ama mbili mbili, ama zote tatu. Ama uache, usichukue hata moja. Hiyo kuacha pia ni njia. Ile moja unaongeza ni ya yule hana." Akapangusa mikono, kisha akasema bila kunitazama, "Na hii mia tatu na sitini yote imetoka kwa hizo tasa. Hakuna mahali ingine ingetoka."

Hakuna aliyecheka. Darasa lilipokwisha nilimfuata kwenye kijia kati ya michai, nikamwomba msamaha. "Nimekusamehe, mwalimu," alisema. "Lakini ile ulisema mbele ya watu. Hii umeniambia kwa njia." Nikamwahidi kwamba Alhamisi nitasema mbele ya wote. Alhamisi ilifika, nikaanza na desimali. Wiki iliyofuata nikaanza na asilimia. Hakunikumbusha. Alipita mtihani, akachaguliwa katibu wa kikundi, nami nikajidanganya kwamba cheti kimefuta kila kitu. Lakini wenzake waliendelea kumwita Saba, kwa mapenzi nadhani, na yeye aliitika.

Huku kwetu kwenye chai hiyo ndiyo desturi yetu. Karani humfokea mama mbele ya foleni nzima kwamba majani yake ni takataka, kisha akigundua kosa lake humnong'oneza pole nyuma ya lori. Chifu humwaibisha mtu barazani na kumpa mkono ofisini. Tunadhani tumemaliza. Aliyeonewa hurudi kwa watu walewale waliosikia tusi na hawakusikia pole, akaishi nao. Nimekuwa karani miaka mingi, kwa hiyo simsemi mtu mwingine.

Kosa la hadharani halisafishwi kichochoroni. Nililijua hilo kwa miaka minne, tangu siku aliponiambia mwenyewe, na kulisema kungenichukua dakika moja. Basi nalisema hapa, mbele yenu: nilimdhalilisha mtu aliyekuwa na akili kuliko mwalimu wake. Alhamisi nitakwenda kibandani niwaambie wenzake kumi na mmoja ana kwa ana. Watanisikia wote, isipokuwa yule niliyemwahidi.