Gari la Vicent

Rosina alikuwa jirani yangu hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, kwa miaka kumi na mitatu. Nikisema nilimpenda sisemi uongo, ila upendo wangu ulikuwa na mdomo mrefu. Mimi ndiye niliyempa ushauri mbaya, na nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mumewe, Vicent, alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka ishirini alipeleka mahindi na maharage njia ya Tunduma, masika kwenye tope, kiangazi kwenye vumbi. Baadaye mambo yakawa ruksa, magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kumiminika nchini, na kila mwenye uwezo mjini kwetu akajinunulia pikapu. Vicent hakutaka pikapu. Siku moja alikuwa anapanda mlima huko upande wa Mbeya, lori limejaa, linapumua kwa shida, staisheni wegoni ya Subaru ikampita kana kwamba mlima haupo. Akarudi nyumbani hana habari nyingine. Alitaka ileile, Legacy yenye tabo ya kuipa injini nguvu, yenye tundu juu ya boneti.

“Baba Jenifer,” nilimwambia, “gari lenyewe liko chini hivyo. Barabara hizi zitalikwangua tumbo.”

“Mama Dominika, miaka ishirini napanda milima kwa kuomba radhi,” akanijibu. “Sasa nataka nipande kama mtu.”

Akaagiza kwa wakala wa Dar es Salaam kwa kuangalia picha tu. Gari likiwa bado melini, akashikwa na homa. Siku nne, akafa. Ilikuwa mwaka 2003. Neno la mwisho alilomwachia Rosina lilikuwa fupi: “Usimwache mama.” Mama mwenyewe ni Bibi Coleta wa kijiji cha Mwimbi, mjane, na Vicent alikuwa mtoto wake pekee. Presha ilikuwa inamsumbua, na kila mwezi alitakiwa kuja mjini kliniki. Rosina aliapa mbele ya kitanda kwamba atakuwa anamfuata mwenyewe.

Gari lilifika siku tatu baada ya misa ya arobaini. Tulikuwa tumekaa barazani wanawake watano, tunachambua maharage. Dereva aliyekodiwa kulileta akaliegesha, rangi ya fedha haionekani kwa vumbi jekundu, akachomoa ufunguo, akashuka, akafunga mlango. Injini ikaendelea kunguruma.

Ufunguo uko mkononi mwa dereva. Ndani ya gari hamna mtu. Na linanguruma. Dereva mwenyewe hakushangaa, aliomba maji ya kunywa. Baada ya dakika kama mbili likazima lenyewe, na mama mmoja akasema polepole, “Vicent ameshuka.”

Sisi watu wa Sumbawanga tunakasirika sana watu wa mikoa mingine wanapotusingizia uchawi. Mimi mwenyewe nimegombana na mtu ndani ya basi kwa jambo hilo. Lakini siku ile hakuna aliyecheka, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua kwamba marehemu amekuja na gari lake na hajataka kuliacha.

Fundi Masanja, Msukuma mmoja mpole mwenye gereji ya chini ya mabati, alimwonyesha Rosina kila kitu. Chini ya usukani kulikuwa na kisanduku kidogo chenye tarakimu nyekundu. “Mama, tabo inazunguka kasi mno, inachemka,” alisema. “Ukizima ghafla, oili inaungua humo ndani. Mjapani aliyekuwa nalo alifunga hiki kidude kiache injini ipoe kwanza, halafu kizime chenyewe.” Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Rosina alitueleza mpaka mate yakamkauka. Tulitikisa vichwa, tukamwitikia, na akitoa lifti kwenda sokoni kila mmoja wetu akakumbuka kwamba ana safari ya upande mwingine. Mimi nilisema nina mguu unauma, nikatembea kwa mguu huohuo mpaka sokoni.

Rosina alijifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na mitatu. Gari lile lilimchosha. Liligonga mawe kwa tumbo, lilikunywa petroli kama limetoka jangwani, redio yake haikushika stesheni hata moja. Plagi zimelala ubavuni mwa injini, na kila Masanja alipozibadilisha alitoka na vidole vimechubuka. Kioo cha taa moja kilivunjika, na kingine kilisubiriwa kutoka Dar kwa miezi miwili. Lakini likishika njia ya Mwimbi, palipo na mwinuko, Rosina aliniambia lilikuwa linamsukuma mgongoni kama mkono wa mtu. Hakuwahi kuniambia mkono wa nani, nami sikuuliza.

Bibi Coleta alikuwa mtu pekee aliyelipanda bila visingizio. Wakifika hapa, Rosina huchomoa ufunguo, anashuka kwenda kufungua mlango wa nyumba. Bibi hubaki amekaa kiti cha mbele. Injini inanguruma, naye anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama tunavyowasalimia wakubwa huku kwetu, na midomo inacheza. Injini ikizima, anashuka. Rosina alidhani anasali sala ya kushukuru safari. Nami niliona yote kupitia uzio wangu wa mabanzi, nikadhani hivyohivyo.

Maneno yalizidi. Rosina alikuwa akiuza maharage, na wateja wake wakapungua, maana gunia lililopanda gari lile hakuna aliyetaka kulipika. Jioni moja alikuja kwangu, akakaa juu ya kinu, akasema, “Mama Dominika, nimechoka. Nimechoka kueleza. Nimechoka kuangaliwa.”

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. “Kwani hicho kidude cha nini? Kakitoe. Gari lizime kama magari ya wenzako, watu wanyamaze.”

“Masanja anasema tabo itaharibika.”

“Bora tabo kuliko jina lako.”

Neno tamu lile, nililipenda mwenyewe nilipolitoa. Kesho yake akaenda gereji. Masanja alikataa mara mbili, mara ya tatu akakata nyaya. Akamwonya kwamba sasa akae mwenyewe dakika mbili kabla ya kuchomoa ufunguo. Kile kisanduku alikitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na siku hiyohiyo wanunuzi wa chuma wakapita wakabeba pipa zima.

Je, watu walinyamaza? Walisema Rosina amemfukuza mumewe kwenye gari, sasa marehemu anazurura hana pa kukaa. Mtaa wetu huu ukiupa maji utasema ulitaka chai.

Mwisho wa mwezi Rosina akaenda Mwimbi kumchukua mama mkwe. Walifika saa tisa mchana, njia ilikuwa mbaya, wote wawili wamechakaa. Alisahau hata zile dakika mbili. Akachomoa ufunguo, gari likazima papo hapo, kimya.

Bibi Coleta alikuwa ameshakunja viganja. Akapiga kofi moja, akasita. Akasubiri. Rosina alifungua nyumba, akarudi, akamkuta bado amekaa anatazama mbele.

“Mama, tumefika. Karibu ndani.”

“Mbona leo hajanisubiri?”

“Nani, mama?”

“Vicent.”

Nilikuwa naanika nguo. Nilisikia kila neno. Rosina akachuchumaa kando ya mlango wa gari, akamweleza yote, kisanduku, tabo, oili, maneno ya watu, mkasi wa Masanja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeeleza jambo moja mara mia. “Hakuwa Vicent, mama. Kilikuwa kifaa tu.”

“Kifaa najua,” Bibi alisema. “Yule dereva aliyelileta nilimuuliza mwenyewe nilipokutana naye sokoni Matai, akanieleza. Mimi si mjinga, mwanangu. Hata kengele ya kanisa ni chuma, lakini ikilia tunasali.” “Mwanangu alikufa nikiwa Mwimbi. Nilifika nikamkuta kwenye sanduku. Hatukuagana. Yeye ndiye aliyelichagua gari hili, na kila mwezi lilikuwa linanipa dakika mbili. Hazikuwa za mtu mwingine. Nilikuwa namweleza habari za nyumbani.”

Rosina aliingia upesi upande wa usukani, akarudisha ufunguo, akaliwasha. Injini ikanguruma ileile. “Haya, mama. Ongea naye. Ongea, nitaliacha hata saa nzima.”

Bibi Coleta akasikiliza kwa heshima, kama mgeni anayeonjeshwa chakula asichokitaka. Kisha akamwekea Rosina mkono begani.

“Hapana, mwanangu. Sasa unalingurumisha wewe.”

Akafungua mlango, akashuka mwenyewe kwa fimbo, akaenda ndani kujipumzisha. Nilitaka kuruka uzio nikaombe msamaha, nikaishia kuanika nguo zilizobaki. Rosina alibaki amekaa, injini inaunguza petroli bure, na aliniambia baadaye sana kwamba hapo ndipo alipojua mumewe amekufa.